Haki na Hisani: Tafakuri juu ya Utawala wa Napoleon Bonaparte

Tarehe 21 Machi 1804 serikali ya Napoleon Bonaparte ilitenda mambo mawili. La kwanza lilitendeka yapata saa tisa za usiku, katika handaki linaloizunguka ngome ya Vincennes, nje kidogo ya Paris. Kijana wa miaka 31 kutoka ukoo wa kifalme wa Bourbon, aliyejulikana kwa cheo cha Duke wa Enghien, alisimamishwa mbele ya askari wenye bunduki. Siku chache kabla, wanajeshi wa Ufaransa walikuwa wamevuka mpaka na kumkamata nyumbani kwake Ettenheim, katika nchi ya Baden ambayo haikuwa vitani na Ufaransa. Alifikishwa Vincennes jioni, akahojiwa usiku na jopo la maofisa wa jeshi, bila wakili wala shahidi. Chini ya maelezo yake aliandika kwa mkono wake kwamba anaomba kuonana na Bonaparte. Hakuonana naye. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa kabla ya hukumu kutamkwa, na risasi zilipolia alifukiwa papo hapo.

Jambo la pili lina tarehe hiyo hiyo. Ni sheria iliyoziunganisha sheria zote za kiraia za Wafaransa katika kitabu kimoja chenye vifungu 2,281. Kitabu hicho kilisema kwamba raia wote wako chini ya sheria moja, kwamba watoto halali wa baba mmoja hurithi sawa bila kujali nani kazaliwa kwanza, kwamba mali ni ya mwenye mali na mkataba huwafunga walioutia saini. Kwa karne nyingi Ufaransa ilikuwa nchi ya sheria mia: kusini walihukumiana kwa sheria iliyotokana na Roma, kaskazini kwa mila, na kila jimbo lilikuwa na mila zake. Sasa mkulima wa Provence na mfanyabiashara wa Lille walikuwa na kitabu kimoja.

Basi katika siku moja serikali moja iliwapa mamilioni ya watu sheria, na ikamwua mtu mmoja nje ya sheria. Wanaompenda Napoleon hulitaja la pili na kulipita haraka la kwanza. Wanaomchukia hufanya kinyume chake. Mimi naona matendo haya mawili yanatokana na wazo moja kuhusu mamlaka, na wazo hilo ndilo linalofaa kutazamwa, maana lingali hai katika nchi nyingi ambazo Napoleon hakuwahi kuzikanyaga. Ni wazo kwamba mtawala anaweza kuwapa watu haki zao kwa mkono mmoja na kuushika mkono wa pili nyuma ya mgongo, ukiwa na uwezo wa kuzichukua tena.

Haki ni kitu ambacho mtu anaweza kukidai, na anayeombwa hana hiari ya kukataa. Hisani ni kitu kizuri ambacho mtu hupewa kwa sababu mtoaji amependa kutoa. Vinaweza kufanana kabisa machoni. Shamba ulilopewa kwa hisani na shamba ulilo nalo kwa haki huzaa mahindi yale yale. Tofauti huonekana siku moja tu, siku ambayo mtoaji amebadili nia. Siku hiyo mwenye haki husimama mlangoni pake na kusema hapana, na mwenye kupewa hisani hukusanya vyombo vyake na kuondoka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na hawakuwa wakizungumzia nguo peke yake. Swali langu kwa utawala wa Napoleon ni hili: katika yote aliyowapa watu, lipi lilikuwa haki na lipi lilikuwa hisani? Na lilipokuwa hisani, ni nini kiliweza kuligeuza kuwa haki?

Napoleon mwenyewe aliinuliwa na haki. Alizaliwa Ajaccio, katika kisiwa cha Corsica, tarehe 15 Agosti 1769, mwaka mmoja tu baada ya Genoa kukiachia kisiwa hicho kwa Ufaransa. Ukoo wake ulikuwa wa kikabaila lakini wa tabaka la chini na usio na fedha. Alipelekwa shule ya kijeshi ya Brienne akiwa na miaka tisa, akizungumza Kifaransa cha mgeni. Akiwa na miaka 16 alikuwa luteni wa mizinga. Katika jeshi la mfalme, kijana wa namna hiyo angezeeka akiwa ofisa wa kati. Amri ya mwaka 1781 ilikuwa imeufunga mlango wa uofisa kwa yeyote asiyeweza kuonyesha vizazi vinne vya ukabaila, na hata kwa waliokuwa navyo, vyeo vya juu viligawanywa kwa jina la ukoo na ukaribu na kasri la mfalme.

Mapinduzi ya 1789 yaliuvunja mlango huo. Tamko la Haki za Binadamu na za Raia la Agosti mwaka huo lilisema kwamba nafasi zote za umma ziko wazi kwa raia wote kwa kadiri ya uwezo wao. Maelfu ya maofisa wa kikabaila wakaikimbia nchi, na jamhuri iliyozungukwa na maadui ikahitaji watu wanaojua kazi. Desemba 1793, mizinga aliyoipanga Bonaparte iliwafukuza Waingereza kutoka bandari ya Toulon, naye akapandishwa cheo kuwa brigedia jenerali akiwa na miaka 24. Hakupewa kwa upendeleo wa mfalme. Wengine waliopanda ngazi hiyo hiyo, kama Murat aliyekuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni na Ney aliyekuwa mtoto wa fundi mapipa, wangesema vivyo hivyo. Mtu huyu alijua kwa maisha yake mwenyewe maana ya mlango ulio wazi kwa sheria. Ndiyo maana alichofanya baadaye kinaumiza zaidi.

Ni lazima tuwe waadilifu kwa Wafaransa wa mwaka 1799. Walikuwa wamepita miaka kumi ambayo katiba zilibadilika kama misimu. Mfalme alikatwa kichwa, kisha wengi kati ya waliomkata wakakatwa wao. Mkoa wa Vendée uliteketezwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Fedha ya karatasi iliyoitwa assignat iliporomoka hadi ikawa haifai kununulia mkate. Serikali ya Wakurugenzi watano ilibatilisha uchaguzi zaidi ya mara moja wananchi walipochagua wasiopendwa na wakubwa. Mtu aliyekuwa na duka, au aliyenunua kipande cha ardhi iliyotaifishwa kutoka kwa kanisa, alitaka neno moja tu: utulivu. Anayemcheka mtu wa namna hiyo hajawahi kuishi mahali ambapo hakuna ajuaye nani atatawala kesho. Hoja ya kumtetea Napoleon inaanzia hapo, na ni hoja nzito.

Tazama basi namna utulivu huo ulivyoingia. Tarehe 10 Novemba 1799, katika jumba la Saint-Cloud, wabunge wa Baraza la Mia Tano walikuwa wamekaa kwenye ukumbi uliotengenezwa kuhifadhia miti ya michungwa. Bonaparte aliingia na askari wachache. Wabunge waliinuka, wakamsukuma, wakamkamata ukosi, wakapiga kelele atangazwe kuwa yuko nje ya sheria. Yeye aliyesimama mbele ya mizinga ya Waaustria alitoka mle akiwa amepauka, akishikiliwa na askari wake. Aliyemwokoa ni mdogo wake Lucien, aliyekuwa rais wa baraza hilo hilo. Lucien alitoka nje, akawaambia askari kwamba wabunge wachache wenye majambia wanawatisha wenzao, akauchomoa upanga, akauelekeza kifuani kwa kaka yake na kuapa kwamba atamwua kwa mkono wake iwapo siku moja atauhatarisha uhuru wa Wafaransa. Ngoma zikapigwa. Maofisa Murat na Leclerc wakaingia na askari wenye singe, na wawakilishi wa taifa wakarukia madirishani. Usiku ule wachache waliokusanywa kutoka bustanini na barabarani walirudishwa ukumbini, wakapiga kura ya kuikabidhi nchi kwa makonsuli watatu. Mmoja wao alikuwa Bonaparte.

Lucien aliapa kuulinda uhuru akiwa amewageuzia bunduki wawakilishi wake. Hapo ndipo haki ilipoanza kugeuka hisani. Tangu siku ile uhuru wa Wafaransa ulikuwa na mlinzi, na mlinzi huyo hakuwa na wa kumlinda.

Aliyoyatoa mlinzi huyo yalikuwa makubwa, na si uungwana kuyapunguza. Mwaka 1800 kila mkoa ulipata mkuu wake aliyewajibika Paris, na Benki ya Ufaransa ikaanzishwa. Mwaka 1801 alipatana na Papa Pius VII, na kengele za makanisa zikarudi kulia baada ya miaka ya mateso ya kidini. Mwaka 1802 zilianzishwa shule za sekondari za serikali, zile lycée ambazo hadi leo Mfaransa anapeleka watoto wake. Kitabu cha sheria kiliandikwa na wanasheria wanne, Portalis, Tronchet, Bigot de Préameneu na Maleville, lakini Bonaparte mwenyewe aliongoza vikao vya Baraza la Dola zaidi ya nusu ya mara zilizojadiliwa rasimu zake, akiuliza maswali kuhusu ndoa, uasili wa watoto na urithi. Huyu hakuwa mbabe asiyejua kusoma. Alikuwa na akili ya kupanga mambo ambayo watawala wachache wa zama zozote wamewahi kuwa nayo.

Lakini ulikuwapo upande mwingine wa zawadi. Januari 1800 amri moja iliyafunga magazeti 60 kati ya 73 ya kisiasa yaliyokuwa Paris. Kufikia 1811 yalibaki manne. Na wananchi walipoulizwa kama wanaikubali katiba mpya, waliulizwa kwa daftari la wazi: mtu alikuja mbele ya ofisa, akaandika jina lake chini ya ndiyo au hapana. Matokeo yaliyotangazwa Februari 1800 yalikuwa ndiyo 3,011,007, hapana 1,562. Wanahistoria waliofungua madaftari yale karne ya ishirini waligundua kwamba karibu nusu ya ndiyo hizo ziliongezwa ofisini, katika wizara iliyokuwa chini ya Lucien. Zaidi ya hapo, katiba yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kutumika tangu Desemba, kabla kura hazijamalizika kuhesabiwa. Mwaka 1802 waliulizwa tena, kama awe Konsuli maisha yake yote. Mwaka 1804 wakaulizwa kama ukaisari uwe wa kurithiwa katika ukoo wake. Kila mara jibu lilijulikana kabla ya swali.

Mwandishi Benjamin Constant, aliyefukuzwa na Bonaparte kutoka katika Baraza la Watetezi mwaka 1802, aliliona jambo hili kwa undani kuliko wenzake. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1814 kuhusu moyo wa ushindi na unyakuzi wa madaraka, alieleza kwamba dhalimu wa kale huwanyamazisha watu na kuwaacha na ukimya wao, lakini mnyakuzi wa madaraka huwalazimisha waseme, anamfuata mtu hadi ndani ya dhamiri yake na kumtaka amsifu. Naona Constant aligusa kiini. Mtawala anayetoa hisani hawezi kutosheka na utii. Anahitaji shukrani, na shukrani inahitaji sauti. Kura ya namna ile haikumwuliza raia anataka nini. Ilimtaka aseme asante.

Mtu anaweza kunijibu hivi: asante hiyo ina ubaya gani, ikiwa mkate umeshuka bei, barabara ni salama na sheria ni moja kwa wote? Magazeti hayaliwi. Jibu lilikuja upesi, na lilikuja kutoka baharini, kwa watu waliokuwa mbali na macho ya Paris.

Tarehe 4 Februari 1794 bunge la mapinduzi lilikuwa limefuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Tarehe 20 Mei 1802 serikali ya Bonaparte ilipitisha sheria ya kuudumisha utumwa na biashara ya watumwa katika makoloni ambayo Uingereza ilikuwa inayarudisha, kama Martinique, na katika visiwa vilivyo ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema. Huko Guadeloupe, ambako watu walikuwa wameishi huru kwa miaka minane, jeshi lilipelekwa kuwarudisha mashambani. Ofisa mmoja wa jeshi la Ufaransa, Louis Delgrès, aliyekuwa na damu ya Kiafrika na aliyeipigania jamhuri, alizingirwa Matouba na wenzake wapatao 300. Tarehe 28 Mei walijilipua kwa baruti kuliko kurudi utumwani. Huko Saint-Domingue alitumwa Leclerc, yule yule aliyewafurusha wabunge Saint-Cloud, naye alikuwa shemeji wa Konsuli. Alimkamata kwa hila Toussaint Louverture, mtumwa wa zamani aliyekuwa amekiongoza kisiwa na kukiandikia katiba. Toussaint alifungwa katika ngome ya Joux, kwenye baridi ya milima ya Jura, akafa humo tarehe 7 Aprili 1803.

Habari hii inatugusa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki kuliko tunavyofundishwa. Vile visiwa vya ng'ambo ya Rasi vilivyotajwa na sheria ya 1802 ni Mauritius, iliyoitwa Isle de France, na Réunion, ambayo mwaka 1806 ilipewa jina la Bonaparte. Mashamba yao yalilimwa kwa sehemu kubwa na watu waliochukuliwa Madagaska, Msumbiji na Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alikuwa ametia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Wajumbe wa jamhuri walipofika Isle de France mwaka 1796 na amri ya kuufuta utumwa, wenye mashamba waliwarudisha melini baada ya siku chache. Kwa hiyo Mmakua na Mmakonde waliokuwa kwenye mashamba yale hawakuuona uhuru wa 1794 hata siku moja, na sheria ya Bonaparte ikaja kuweka muhuri juu ya kunyimwa kwao. Kitabu cha sheria kilichosema raia wote ni sawa kilisomwa visiwani humo mbele ya watu ambao sheria za huko ziliwahesabu kuwa mali.

Hapo tofauti ya haki na hisani ilionekana mchana kweupe. Uhuru uliotolewa kwa karatasi Paris uliondolewa kwa karatasi Paris. Watu wa Saint-Domingue waliliona hilo kabla ya wanafalsafa wa Ulaya. Habari za Guadeloupe zilipowafikia, walielewa kwamba hakuna amri ya Ufaransa, iwe nzuri namna gani, ingeweza kuwa dhamana yao. Walilishinda jeshi la Bonaparte huko Vertières Novemba 1803, na tarehe 1 Januari 1804 kiongozi wao Dessalines akatangaza taifa la Haiti. Miezi mitatu haikutimia kati ya tangazo hilo na kutolewa kwa kitabu cha sheria cha Paris. Kwa maoni yangu tangazo la Haiti ndilo lililokwenda mbali zaidi katika kulitimiza tamko la 1789, kwa sababu waliolitoa hawakumwacha mtu yeyote akiwa na uwezo wa kuwafuta.

Wanawake wa Ufaransa nao walijifunza somo hilo, wakiwa ndani ya nyumba zao. Kifungu cha 213 cha kitabu cha sheria kilimwamuru mke amtii mumewe. Mke hakuweza kufungua kesi bila idhini ya mume, wala kuuza mali yake bila saini yake. Mapinduzi yalikuwa yameruhusu talaka kwa masharti mepesi. Kitabu cha Napoleon kiliibana, na mwaka 1816 wafalme wa Bourbon waliorudi wakaifuta kabisa. Hali hiyo ya mke kuhesabiwa mbele ya mahakama kama mtoto ilidumu hadi mwaka 1938. Hakuna mwanamke aliyekuwapo kwenye vikao vile vya Baraza la Dola. Asiyekuwapo mezani hupata atakachokatiwa.

Hisani ina tabia nyingine: huisha, na lazima itolewe upya. Mfalme wa kale aliweza kushindwa vitani na kurudi nyumbani akiwa bado mfalme, kwa sababu watu walimkubali kwa mazoea ya karne. Rais aliyechaguliwa kwa sheria anaweza kushindwa na kuwa raia. Mtawala anayesimama juu ya zawadi zake hana pa kurudi. Napoleon alilijua hili na alilikiri: kwamba kiti chake kilishikiliwa na ushindi, na siku ushindi utakapokoma kiti kitaanguka. Basi Austerlitz ya 1805 ikazaa Jena ya 1806, Jena ikazaa Uhispania ya 1808, na hatimaye Urusi ya 1812, ambako zaidi ya nusu milioni ya watu waliingia vitani chini ya bendera yake na sehemu ndogo tu ikarudi. Aprili 1814 Seneti yake mwenyewe ndiyo iliyotangaza kwamba ameondolewa.

Wageni nao walipelekewa hisani hiyo kwa ncha ya singe. Napoleon alipotua Misri Julai 1798 alitangaza kwa Kiarabu kwamba amekuja kuwakomboa watu kutoka kwa watawala wao Mamluki na kwamba anauheshimu Uislamu. Mwanahistoria wa Kairo, Abd al-Rahman al-Jabarti, alilichambua tangazo hilo neno kwa neno na kuonyesha udanganyifu wake. Oktoba mwaka huo Kairo iliasi, na askari wa mkombozi wakaingia na farasi wao katika msikiti wa al-Azhar. Januari 1799 alimwandikia barua ya urafiki Sultani wa Muscat, Sayyid Sultan bin Ahmad, baba yake Seyyid Said aliyekuja kuitawala Zanzibar. Barua hiyo ilinaswa na Waingereza njiani, na mpango wake wa kufika India ukaishia jangwani. Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni Uhispania. Desemba 1808, akiwa amesimama mlangoni pa Madrid na jeshi lake, Napoleon alifuta haki za makabaila na mahakama ya kidini iliyowatesa watu kwa zaidi ya miaka 300. Wahispania waliendelea kumpiga vita. Kisha bunge lao wenyewe, lililokutana Cádiz huku mizinga ya Wafaransa ikiuzingira mji, likaandika katiba mwaka 1812 na likafuta mambo hayo hayo mawili kwa kura zake. Walikuwa wanayataka. Hawakutaka kupewa na mtu aliyeikalia nchi yao.

Sasa tunaweza kulijibu swali la pili. Ni nini kinachoigeuza hisani kuwa haki? Historia ya kitabu cha sheria chenyewe inatuonyesha. Bourbon waliporudi mwaka 1814 walikuwa na kila sababu ya kukichoma moto. Hawakuthubutu. Hati ya katiba waliyoitoa ilisema sheria za kiraia zitaendelea, usawa mbele ya sheria utaendelea, na walionunua ardhi ya kanisa na ya makabaila hawataguswa. Waliyakubali hayo kwa sababu kufikia wakati huo kitabu kilikuwa kimeshikwa na mamilioni ya mikono. Kila kijiji kilikuwa na mtu mwenye hati ya shamba, kila mji ulikuwa na mthibitishaji wa mikataba, kila familia ilikuwa imegawana urithi kwa kanuni ile. Sheria ilikuwa imetoka mikononi mwa aliyeitoa na kuwa ya wanaoitumia. Haki huzaliwa hapo, pale wanaoishika wanapokuwa wengi na kila mmoja yuko tayari kuitetea ya kwake.

Pale ambapo sheria hiyo haikushikwa na watu, ilibaki karatasi. Mauritius ilipotekwa na Waingereza mwaka 1810 wakazi waliruhusiwa kubaki na sheria zao, na hadi leo mahakama za huko zinatumia kitabu kilichotokana na kile cha Napoleon. Lakini kwa aliyekuwa mtumwa, sheria hiyo ilianza kuwa na maana utumwa ulipofutwa mwaka 1835. Wabelgiji waliirithi sheria hiyo hiyo wakaipeleka Kongo: amri ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado inatajwa mahakamani Kinshasa na Lubumbashi, ni mtoto wa kitabu cha 1804. Inasema mkataba huzaliwa kwa ridhaa ya walioufunga. Katika miaka iliyofuata, Mkongo alilazimishwa kuleta mpira wa msituni kwa mjeledi na bunduki. Sheria ya ridhaa ilikuwapo. Mkongo hakuhesabiwa miongoni mwa wenye kuridhia.

Yaliyomtegemea Napoleon mwenyewe yalikufa upesi. Milki ilianguka Waterloo tarehe 18 Juni 1815. Falme alizowagawia ndugu zake zilitoweka. Yeye alikufa katika kisiwa cha Mtakatifu Helena tarehe 5 Mei 1821, baada ya miaka zaidi ya mitano ya kumsimulia Las Cases na wenzake waliomfuata uhamishoni jinsi alivyokuwa mkombozi wa mataifa. Kumbukumbu alizoziandika Las Cases zilipochapishwa mwaka 1823 zilimfufua, na kwa bahati mbaya kilichofufuka zaidi ni ile sehemu iliyostahili kuzikwa: ndoto ya mtu mmoja mwenye mkono wa chuma atakayewapa watu wake kila kitu. Mpwa wake Louis-Napoleon aliipanda ndoto hiyo hadi kwenye urais mwaka 1848, akaipindua jamhuri mwaka 1851 na kuwauliza wananchi kwa kura kama wanakubali. Tarehe 4 Desemba 1977, mjini Bangui, mtawala wa Afrika ya Kati Jean-Bedel Bokassa alijivika taji mwenyewe katika sherehe iliyonakili ile ya Napoleon ya mwaka 1804, mbele ya kiti kikubwa chenye umbo la tai. Watu wake walikuwa maskini. Alianguka Septemba 1979. Alikuwa amenakili taji, na hakunakili hata kifungu kimoja cha kitabu.

Kuna wanaosema, wakimfuata mwanafalsafa Hegel aliyemwona Napoleon akipita kwa farasi Jena mwaka 1806, kwamba historia huwatumia watu wakubwa kutimiza makusudi yake, na hatuna budi kuyavumilia makosa yao. Mwandishi Tolstoy alijibu kwamba mtu mkubwa ni jina tu lililobandikwa juu ya matendo ya mamilioni. Mimi nasema wote wawili wanaacha swali lenye maana kwa raia wa kawaida. Raia hahitaji kujua kama mtawala wake ni mkubwa au ni mdogo. Anahitaji kujua ni kitu gani mtawala huyo hawezi kumnyang'anya.

Kwa kipimo hicho Napoleon alishindwa, na alishindwa kwa hiari, maana uwezo wa kufanya vinginevyo alikuwa nao. Aliikuta nchi iliyochoka akaipa mpangilio, na angeweza kuyaacha magazeti yaseme, mabaraza yabishane, na waliokwisha kuwa huru wabaki huru. Hakuna hata kifungu kimoja cha kitabu chake cha sheria ambacho kingeharibika kwa kuwa gazeti fulani la Paris linamkosoa. Kilichoharibika kwa kukosa ukosoaji ni vita, makoloni na maisha ya vijana walioachwa kwenye theluji ya Urusi.

Nakuomba basi, msomaji, utumie kipimo hicho popote ulipo. Ukiambiwa kwamba kiongozi ametoa barabara, ametoa shule, ametoa sheria nzuri, pokea na utumie, kwa sababu barabara ni barabara. Kisha uliza: akikasirika kesho, anaweza kuviondoa? Nikimwambia hapana, nitakuwa wapi usiku? Kama jibu linakutia hofu, ulichonacho bado ni hisani, na kazi ya kukigeuza kiwe haki ni yako na ya jirani zako. Hakuna mtawala, hata mwenye kipaji cha Napoleon, atakayeifanya kwa niaba yenu.